Sauti ya Nyuma ya Ukuta wa Skuli

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
18 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Suhail,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba joto la Maskati halijawamaliza. Mguu wako vipi? Ulisema unakuuma ukisimama sana kazini. Usiudharau. Huku sisi ni wazima, alhamdulillah. Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na baridi yake hasa. Manyunyu hayakatiki, karafuu tunazianika na kuzianua mara tatu kwa siku, na Abdulsamad, shemeji yako, analala na shuka mbili kama mgonjwa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeiogopa. Ninalotaka kukwambia si la kuambiwa mtu yuko barabarani au kazini. Nimewaomba jamaa wote wasikupigie mpaka ikufikie hii, nami nimempa mtu anayesafiri akutie mkononi mwenyewe. Kaa kitako kwanza, mwite mkeo akae karibu nawe, kisha uendelee.

Skuli ya muziki niliyokutajia imeanza vizuri. Ni skuli ya msingi kama nyengine, lakini watoto hufundishwa hata hesabu kwa kupiga makofi na kuimba. Chumba cha muziki ni lile ghala la zamani la karafuu lililoshikana na nyumba ya Mjomba Rajab. Ukuta wa nyuma ni mmoja, juu yake una vitundu vya hewa. Kila Jumamosi wazazi nasi tunakwenda kusoma pamoja na watoto. Mimi najifunza ngoma ya dumbak. Mwanangu Asya, aliye darasa la pili, ananicheka kwa mikono mizito. Kuna mvuvi kutoka Chokocho anajifunza fidla, vidole vyake vinene kama mihogo, na huwezi kuamini utamu anaoutoa.

Mwalimu wa kwaya ni Mwalimu Gaudens, mtu wa Bukoba, mpole, Mkristo, lakini ikifika adhana ndiye wa kwanza kuwanyamazisha watoto. Kwa ajili ya tamasha la kipupwe alituomba kila mzazi alete wimbo aliobembelezewa utotoni. Mimi nikaleta ule ambao marehemu mama alikuwa akikuimbia wewe. Najua unaukumbuka:

*Lala usilie mwana,*
*Mvua haijaanuka,*
*Mama yuko kisimani,*
*Arudi ukiamka.*

Mama alikuwa na beti mbili tu. Nikawafundisha watoto hizo mbili, wakazishika siku ile ile.

Baada ya Idi ya Mfunguo Tatu mazoezi yakaanza kila siku alasiri, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Mwalimu Gaudens aliwasimamisha watoto katikati ya wimbo, na wote wakanyamaza, lakini sauti moja ikaendelea kidogo, kisha ikakatika. Akauliza, "Nani huyo asiyetazama mkono wangu?" Watoto wakamjibu, "Si sisi, mwalimu. Ni yule wa ukutani." Walisema hivyo bila hofu yoyote, kama vile wanamtaja mwenzao. Kumbe walikuwa wameshamzoea.

Mimi sikuamini mpaka nilipoisikia mwenyewe. Nilikuwa nimemfuata Asya, mvua inanyesha, chumba kina kiza ijapokuwa ni mchana. Watoto wanaimba, na chini ya sauti zao kuna nyengine, nyembamba, inakuja nyuma yao kwa nusu pumzi, kama mtu anayekufuata njiani na kuweka mguu pale ulipotoa wako. Niliwatazama watoto midomo mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na sauti ile.

Habari ikaenea. Wengine wakasema ni jini, wengine wakasema pale palikuwa na makaburi. Ubani ukafukizwa, visomo vikasomwa, na sauti ikakaa kimya, kisha watoto walipoimba ikarudi. Kina mama wakaanza kuwaondoa watoto wao. Kikaitwa kikao cha wazazi, na aliyesimama wa kwanza ni Mjomba Rajab. Akasema, "Mahali pale pana wenyewe. Ngoma na fidla zinawaudhi. Fungeni chumba kile kabla mtoto hajadhurika." Mjomba, unavyomjua, akisema watu husikiliza. Ikabakia tamasha lifanyike, kisha chumba kifungwe.

Jioni moja Asya alikuwa anapepeta mchele jikoni huku anaimba. Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, kisha, Suhail, akaimba huu:

*Suhaili nyota yangu,*
*Mlango umefungika,*
*Niko ndani nasikia,*
*Nikiitwa naitika.*

Sufuria ilinitoka mkononi. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Yule wa ukutani," akasema. "Sisi tukimaliza, yeye huendelea. Mama, Suhaili si yule mjomba wa Maskati?"

Sikulala vizuri. Kwanza nilidhani ni roho ya mama yetu marehemu. Lakini mama hakukuita "nyota yangu" hata siku moja. Alikuita "mkorofi wangu". Aliyekupa jina hilo, akasema nyota ya Suhaili ilikuwa juu ya paa siku uliyozaliwa, ni mama aliyekuzaa. Na huyo, Mama Kazija, ndugu yake mama, sote tuliambiwa kwamba alikwenda Mombasa kutibiwa, wewe hujaacha ziwa, akafia huko, akazikwa huko. Nilikuwa mdogo, lakini khitma yake naikumbuka, na uzito wako mgongoni pangu siku ile naukumbuka.

Nilikwenda kwa Mjomba. Nyumba yake ina ukiwa tangu mkewe, Bi Mwatum, alipofariki kabla ya Ramadhani. Nikamuuliza, "Mjomba, nyuma ya ule ukuta wa skuli, upande wako, kuna nini?"

"Magunia ya karafuu," akasema.

"Naweza kuyaona?"

"Khairat," akaniambia, "mie ni kaka wa mama yako. Nyumba yangu waja kuipekua?" Nikainama, nikaondoka. Lakini nilipokuwa nageuka niliona sinia juu ya meza, ina sahani mbili za wali, na Mjomba anaishi peke yake.

Sikumwambia mtu isipokuwa Abdulsamad na Mwalimu Gaudens. Kwenda kwa sheha kumshitaki mzee mwenye heshima yake kwa sababu ya sahani ya wali na wimbo wa mtoto, nani angenisikiliza? Nilimuomba mwalimu jambo moja tu: siku ya tamasha, ubeti wa pili ukimalizika, asishushe mkono. Awaache watoto wasimame kimya.

Siku ilipofika, mvua ilianza tangu adhuhuri. Watu walijaa pomoni, wengine wamekuja kwa muziki, wengi wamekuja kusikia jini. Wametoka hata Shumba, mbali huko. Mjomba Rajab alikaa mbele, karibu na sheha, kanzu nyeupe, mikono juu ya bakora. Watoto wakapiga rika, yale matari madogo, wakapiga dumbak, mvuvi wetu wa Chokocho akakosea mara mbili na watu wakamshangilia. Kisha ukafika wimbo wako.

Watoto waliimba beti mbili. Mwalimu akaubakisha mkono juu. Nilisikia matone ya mvua kwenye bati, na hakuna aliyekohoa.

Ikaja. Watu wote waliisikia, Suhail. Ilitoka juu, kwenye vitundu vya hewa, mwanzo kwa mkwaruzo, kisha ikanyooka. *Suhaili nyota yangu.* Mwanamke mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Wengine wakainuka kukimbia. Ilipofika "nikiitwa naitika" nilijikuta nimesimama juu ya kiti na ninaita kwa nguvu zangu zote, "Mama Kazija! Kazija binti Msellem!"

Na ukuta ukajibu: "Labeka!"

Vile vile alivyofunzwa msichana kuitika akiitwa na wakubwa wake, kwa adabu, bila kuchelewa. Sijapata kusikia neno la kunitia baridi kama lile.

Bakora ya Mjomba ilianguka. Hakukana, wala hakuna aliyemgusa. Alitoa ufunguo mfukoni, akamwambia sheha, "Twendeni," akatangulia mwenyewe mvuani, na watu wakamfuata nyuma kimya kama wanaosindikiza jeneza.

Chumba kilikuwa safi. Nakwambia hili ili usijaze kichwa mambo mengine. Kulikuwa na kitanda, mkeka, mtungi, nguo zimekunjwa. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kichwa kimeinuliwa kwenye vitundu. Ngozi yake imekuwa nyeupe kama kitu kilichoota chini ya jiwe. Nywele zimesukwa vizuri. Alijikinga macho kwa mkono, akasema, "Rudisheni mlango. Mtoto ataingiwa na baridi."

Ndiyo, Suhail. Mama yako yuko hai.

Najua sasa umeiweka barua chini. Ukiwa tayari, endelea.

Mjomba alisema mbele ya sheha na mbele yetu sote. Ulipozaliwa, mama yako alipatwa na maradhi ya akili. Siku moja alikutwa kisimani, wewe mikononi, anakuteremsha taratibu kwenye maji huku anaimba. Mjomba ndiye aliyekuwahi. Alimpeleka Mombasa kwa waganga, na mmoja akamwambia kwamba huyu akimuona tena mwanawe atamuua. Akamrudisha kwa siri, akamfungia, yeye na Bi Mwatum wakamtunza. Akatangaza amekufa ili mtu asimtafute. Bi Mwatum alikuwa akimfumua nywele na kumsuka, na mama yako akitaka kuimba humtuliza. Alipokufa Bi Mwatum, hakukuwa na wa kumtuliza, na watoto wa skuli wakaja upande wa pili wa ukuta na wimbo wake.

Nilimuuliza, "Hata mama yangu, dada yenu, ulimuacha afe hajui?" Akasema, "Uongo ukishasomewa khitma, Khairat, unautoaje?" Kisha akalia. Mimi sikulia. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumfuta machozi, na sikufanya lolote. Sasa kesi iko polisi, naye Mjomba yuko nyumbani kwa dhamana, hata chakula hali vizuri. Sikwambii umsamehe. Hilo ni lako na Mola wako.

Mama yako yuko kwangu. Daktari amemuona, amempa dawa, na anasema maradhi haya huwapata wanawake wengi baada ya kuzaa na yangetibika tangu zamani. Neno hilo la "zamani" limenikaa kooni. Sasa anajua asubuhi na jioni, anakula mwenyewe, anamjua Asya kwa jina. Lakini kuna mambo yake. Usiku hufunga mlango wa chumba na kutuomba tutie komeo kwa nje. Tukikataa, hulala ameuegemea mlango kwa ndani. Nilimuonesha picha yako. Aliitazama sana, akasema, "Huyu ni baba yangu. Alishakufa huyu." Kwake wewe bado hujaota meno. Nakwambia ili ukija usije ukategemea kukumbatiwa mlangoni.

Chumba cha muziki hakikufungwa. Wale kina mama walioondoa watoto wao wamewarudisha, ingawa wapo wasiopenda kukaa upande wa ukuta ule, nami siwalaumu. Nikiwa peke yangu mle ndani bado natega sikio.

Juzi Jumamosi nilichelewa kwenda skuli kwa sababu ya kuanua karafuu. Nilipoingia kumuita mama yako nikakuta kitanda kitupu na mlango wa uani wazi. Nilikwenda kisimani kwanza, Mungu anisamehe, nikatazama ndani, maji yametulia. Nikakimbia kwa Mjomba, mama yako hayuko. Nikazunguka Wawi nzima kichwa wazi, mtandio mkononi, namuita, na safari hii hakuna aliyeniitika. Mwisho nikafika skuli kutaka msaada wa watu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mstari wa wazazi, kati ya Asya na mvuvi wa Chokocho. Rika mkononi. Mwalimu Gaudens anahesabu, naye anapiga, macho yamemganda kwenye mkono wa mwalimu, hakosei. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Nilisimama mlangoni, nimelowa, sina pumzi. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu, akasema:

"Mmechelewa."

Njoo, Suhail.

Msalimie sana wifi yangu na wabusu watoto wote. Abdulsamad anakusalimu, na Asya anasema umletee udi mdogo wa kupigia, si wa kufukizia, nisisahau kuandika hivyo. Mola akutulize moyo wako, akupe subira, na akufungulie njia ya kurudi ukiwa salama.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipofungwa mgongoni pangu,
dada yako,
Khairat