Jua Ndani ya Boksi la Viatu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vitambaa,
Alhamisi jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na wifi, na wale mapacha wako, hawajambo? Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika kila nikikanyaga pedali. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mwanangu aolewe. Siku hizi naongea na cherehani, na uzuri wake haibishi kama wewe.

Leo mchana jua limepatwa, si lote, kama nusu hivi. Redio imetuonya wiki nzima: msilitazame kwa macho matupu, wala kwa miwani ya jua, wala kwa kioo kilichofukizwa moshi. Walipofika kwenye kioo nilikuwa naizima.

Nilitoboa kitundu kwa sindano kwenye boksi la viatu, nikabandika karatasi nyeupe upande wa pili, nikasimama uani na kuligeuzia jua mgongo. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alikuja kuchukua sketi akanicheka: "Mama Fundi, jua si liko huku nyuma yako!" Nikampa boksi achungulie. Kijua kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati, kimeng'atwa pembeni. Alifurahi, akachukua sketi yake, akaenda zake. Nikabaki mwenyewe na boksi langu, nikalia.

Unajua kwa nini. Kile kipande cha chupa ulichotazamia jua lilipopatwa tukiwa watoto, nilikifukiza mimi kwenye kibatari. Mimi ndiye niliyekuambia hakina neno, tazama tu mpaka nihesabu mia. Mama alipouliza, nikasema ni ukaidi wako. Ulichapwa, ukafumba mdomo, na jicho lako la kulia halikupona. Miaka arobaini na moja unaitwa mkaidi, nami nasifiwa utulivu. Nisamehe, ndugu yangu. Najua nimechelewa.

Shangazi ndiye pekee aliyebaki kati ya wakubwa wetu, kwa hiyo nimempigia simu nikamwambia ukweli. Akakata simu.

Msalimie wifi, uwabusu mapacha. Najua yeye ndiye hukusomea barua zangu. Hii nimeiandika kwa herufi kubwa, mistari michache kila ukurasa, uisome mwenyewe. Mungu akulindie hilo jicho lililobaki.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
niliyehesabu mpaka mia.