Uso Mpya wa Waruvani

Shangazi Loretta, nakuandikia nikiwa sina raha, tafadhali nisaidie. Mimi ni mchongaji wa nyuso za viumbe wa sayari nyingine katika karakana moja hapa Burbank, na tamthilia niliyoipenda utotoni inarudi kwenye televisheni, nikapewa kazi ya kuwapa Waruvani, viumbe wa tamthilia hiyo, sura mpya, maana zamani walikuwa binadamu tu waliobandikwa matuta matatu kwenye paji la uso, na mzee Walter Haskins aliyeigiza balozi wao miaka thelathini iliyopita naye anarudi, sasa ana miaka sabini na minne, basi mimi badala ya kumwita nimchukue umbo la uso kwa plasta nikaona rafuni sanamu ya uso wake wa enzi zile, nikasema uso ni uso, nikachonga sura mpya juu yake.

Juzi tukambandika. Uso ule wa mpira ukampwaya mashavuni, ukambana midomoni. Kisha akainua macho kwenye kioo na, shangazi, naapa sikumwona Walter tena, nilimwona kiumbe aliyeishi miaka mia nne na kuwazika wanawe wote. Mikunjo ile sikuichonga mimi, ililetwa na kule kupwaya! Fundi wa taa alivua kofia. Denise, mtayarishaji wetu, akasema, "Jamani! Colleen, usiguse kitu. Mwezi ujao tunarekodi hivi hivi." Nikapokea sifa, nikanyamaza.

Mchana Walter alikunywa supu kwa mrija, na nilipombandua, pembe za midomo zilikuwa zimechubuka. "Mzee, inauma?" "Hebu niache, mwanangu. Miaka thelathini nimengoja kuonekana hivi." Nikisema kweli, nitaonekana mzembe na uso ule utapotea. Nikinyamaza, siku arobaini za kurekodi zitamuumiza vibaya. Nifanyeje?

Colleen

Colleen, pole, na umefanya vyema kuandika, maana mficha uchi hazai. Nilishona mavazi ya tamthilia miaka ishirini na sita, na siku kama hiyo yako nimeiona mara mbili tu. Nimesoma nikasisimka mwili mzima. Lakini uso ni uso? Nani alikufundisha upuuzi huo? Hata fundi wa suruali hampimi babu kwa kiuno chake cha ujanani!

Usijidanganye kwamba Walter amekubali. Yeye anadhani maumivu yale ndiyo gharama ya uso ule. Wewe peke yako unajua kwamba ni uvivu wako, na hapo ndipo unapomdhulumu. Mikunjo haitapotea, picha za siku ile bila shaka unazo. Safari hii ichonge kwa makusudi, mpira umkae sawasawa, midomo iwe huru.

Mpigie leo umwambie yote, kisha umwambie Denise. Akikufokea, fokewa, unastahili. Halafu mkalishe mzee kitini, mpake plasta usoni, na muda wote inapokauka mshike mkono, kwa sababu mle ndani haoni wala hawezi kusema neno.