Mukono wa Mechack

Blandine, fungua message! Mi natoka lopitali sasa hivi.

Ni Mechack, ule wetu wa kuchora tatoo. Alitaka rangi ya kijani, akasaga yale majiwe ya shaba ya kijani, akatengeneza wino yake mwenyewe. Akajichora kwanza ku mukono, akangoja. Haikumuuma, haikumuwasha. Akasema, "Nimejaribu, iko bien!"

Njo akamuchora bibi yake wa ndoa, Naomie, mu shingo.

Blandine, shingo imevimba mupaka anapumua kwa shida. Usaha inatoka!

Na Mechack anamupigia mama infirmière, muuguzi wa pale, kelele: "Nilijaribu ku ngozi yangu! Yangu!" Mama akamuuliza mbele ya kuanza tatoo alikuwa anafanya kazi gani. Kusafisha madini mu mutoni, kule Mutoshi, mikono mu ile maji ya sumu tangu utoto.

Mama akashika ule mukono wa Mechack wenye tatoo. "Tata, angalia bibi yako. Nitakuchoma sindano." Mechack akageukia bibi yake, na kelele ileile: nilijaribu, nilijaribu!

Kisha akauliza, Blandine, akauliza: "Mama, unangoja nini? Choma basi."

Sindano ilikuwa imeshaingia mu nyama ya ule mukono. Naomie alikuwa anaiangalia.