Somo la Maji la Darasa la Tano

Jumatano, baada ya isha. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo adhuhuri, sasa imeanza tena. Nguo nilizofua juzi bado mbichi, nimezitandaza kwenye viti na chumba kizima kinanuka uvundo. Nnaandika kwa simu, nimeegemea kitanda, na roho yangu haina raha.

Leo niliitwa skuli.

Si kwa ujeuri. Mwanangu Samira hana ujeuri, ukimwita anaitika "naam" hata akiwa na hasira. Yuko darasa la tano, na muhula huu ndio wameanza kusomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Zamani akirudi skuli ananiita tangu njiani, anataka kunihadithia kila kitu hata viatu hajavua. Siku hizi anaingia kimya, anaweka mkoba, anauliza kuna nini cha kula.

Mimi skuli niliishia Form Two. Watu wanadhani niliacha kwa sababu ya kuolewa, lakini kuacha kulitangulia. Nilikuwa nakaa darasani, mwalimu anasema kitu, wenzangu wanacheka, na mimi nacheka. Sijui kilichochekesha. Ukicheka hivyo mwaka mzima unachoka, wallahi.

Ninachokiogopa ni kimoja tu, kwamba haya yatamkuta Samira na yeye ataichukia skuli kama nilivyoichukia mimi.

Kwa hiyo muhula ulipoanza niliapa kuwa safari hii mtoto atakuwa na mtu wa kumdurusisha nyumbani. Sasa ntamdurusisha nini? Vitabu vya sayansi ni vichache, havitoki darasani, watoto wananakili ubaoni. Daftari lake ni mistari ya Kiingereza mitupu, hakuna hata picha moja. Niliangalia nikaona neno la maji, hilo nalijua, nikasema haya ni mambo ya maji. Mengine yote giza.

Lakini kuhifadhi nakujua. Kwenye chuo cha Kurani nilikuwa wa mbele. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisikiliza kila siku baada ya maghrib, mimi nimekunja miguu mbele yake, yeye kashika msahafu na kidole kinafuata. Nikikosea anagonga mkeka, narudi mwanzo wa aya. Hakunipiga hata siku moja. Nilihifadhi juzuu baada ya juzuu kwa kidole kile.

Basi nikafanya vivyo hivyo. Tukatandika mkeka, nikashika daftari la sayansi, Samira akafumba macho akaanza, anayumba taratibu kama yuko chuoni. Akikosea nagonga. Akigonga mwamba anarudi mwanzo wa mstari. Mwisho ukurasa mzima ulikaa kichwani mwake, na mimi mwenyewe ukaniingia, naweza kuusema huku nasonga ugali. Jirani alipopita dirishani akasema, "Eh, Mama Samira, nyumba yako siku hizi Ulaya!" Nikaona fahari. Nilikuwa nikitembea kichwa juu hata sokoni Mwanakwerekwe.

Na Samira aliamini mama yake anajua Kiingereza. Sikumwambia najua. Lakini nimeshika daftari, kidole kinafuata, nagonga panapokosewa. Mtoto afikiri nini?

Jana alirudi kajifunika mtandio mpaka machoni. Hakula. Nikamuuliza, akenda kulala. Asubuhi akaniambia, "Mama, Mwalimu Raya anakuita." Nikavaa baibui nikenda na mvua yangu.

Mwalimu Raya ndiye anayewasomesha sayansi. Ni msichana mpole, umri wake kama wangu. Alinivuta kibarazani ili watoto wasisikie.

"Dada, kwanza nikwambie, mtoto wako ana akili. Isingekuwa hivyo nisingekuita."

Kisha akanihadithia. Jana aliuliza darasa swali moja dogo kwa Kiingereza, na Samira akawa wa mwanzo kunyoosha mkono. Akasimama, akafumba macho, akaanza kuyumba, akausoma ukurasa mzima kuanzia kichwa cha habari. Mwalimu akamwambia basi, inatosha. Samira hakuacha, maana sisi hatuachi katikati ya aya. Mwalimu akamgusa bega, akamuuliza tena lile swali. Samira akatulia, akavuta pumzi, akaanza upya kutoka juu.

Darasa likaangua kicheko. Kuna mmoja akapiga kelele, "Redio hiyo! Mzimeni!" Tangu hapo jina lake Redio.

Nikasikia uso unaniwaka. Ile ni kazi yangu. Kosa lile nimelitia mimi, kwa mapenzi.

"Swali lenyewe lilikuwa nini, mwalimu?"

"Nimeuliza, nguo mbichi ukizianika juani, maji yake yanakwenda wapi?"

Nikamtazama nikidhani anatania.

"Nguo?"

"Nguo, dada. Ndiyo somo la muhula huu. Maji yakipata joto yanakuwa mvuke yanapanda juu. Kama unavyofunua sufuria ukakuta mfuniko umerowa."

Jamani. Muda wote ule tumekaa mkekani tunausoma ule ukurasa kwa heshima na adabu, kumbe ni nguo kwenye kamba! Nikacheka, na yeye akacheka, halafu mimi macho yakajaa maji nikageukia ukutani.

Nikamuuliza kwa nini asiwaeleze kwa Kiswahili. Akasema anaeleza. "Nikieleza kwa Kiswahili mikono yote iko juu, mpaka ya wale wanaolala. Nikiuliza kwa Kiingereza, mikono yote chini. Na mtihani hauji kwa Kiswahili. Nifanyeje, Mama Samira?"

Ananiuliza mimi.

Mtihani wa nusu muhula ni kesho. Samira kamwambia mwalimu hataki kuja. Mwalimu akanishika mkono akasema, "Akipata sifuri si neno, tutaanza hapo. Lakini aje. Asipokuja kesho, na kesho kutwa hatokuja." Nilimwitikia tu. Hayo hakuna anayeyajua kuliko mimi.

Nilirudi nyumbani na tamaa kidogo. Samira alipofika, mvua imepumzika, nikamvuta nje kwenye kamba ya nguo, nikamkamatisha ncha ya kanga mbichi, nikamwambia somo lao ni hili. Maji ya humu yanapanda juu. Uso wake ukafunguka, namna sijauona tangu muhula uanze.

"Ndo hivi tu, mama?"

"Ndo hivi tu."

Akakimbia ndani akarudi na daftari. "Haya, kupanda juu kuko wapi hapa?"

Nikaangalia. Ukurasa ninaujua kwa moyo, naweza kuusema nikiwa nimelala. Jambo lenyewe ninalijua, nimefua tangu nina miaka saba. Na sikuweza kumwonyesha hata neno moja. Nilipeleka kidole mstari wa kwanza, nikakipeleka wa pili, nikakirudisha.

Nikampigia baba yake. Yeye anafanya kazi hotelini Kiwengwa, anazungumza na wageni kutwa, nikasema huyu ndiye mkombozi. Samira akamsomea mistari miwili kwenye simu. Kisha baba mtu akasema, "Mama Samira, mimi nakijua Kiingereza cha taulo na mashuka. Hicho cha kwenu kimevaa tai." Samira akacheka, na mimi nikacheka. Kabla simu haijakatika nikamsikia baba yake akisema polepole, "Samahani, mwanangu." Nadhani alidhani tushakata.

Baada ya maghrib Samira mwenyewe ndiye aliyetandika mkeka. Akanipa daftari, akakunja miguu.

Sikulipokea.

Nikamwambia, "Mama, mimi Kiingereza sikijui. Nilikuwa nafuata herufi tu."

Nimewahi kuzaa, nimewahi kuzika. Sentensi ile ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri sentensi inaweza kuwa.

Nilingoja alie, au aseme kesho haendi. Akasema, "Hata kidogo?"

"Maji nayajua. Na jua."

Akafikiri. "Basi leo usinisikilize. Kaa tu hapa."

Nikakaa. Hakufumba macho wala hakuyumba. Akachukua penseli, akaanza kusoma neno moja moja, na kila neno asilolijua maana akalipigia kistari chini. Neno la kwanza kistari. La pili kistari. Maji akaliruka. Akaendelea hivyo, mimi nimekaa mikono mapajani sina la kusaidia, nasikia penseli ikikwaruza karatasi. Alipofika mwisho akainua daftari tulitazame. Ukurasa mzima una vistari, maneno yaliyosalimika yanahesabika.

Nilidhani atavunjika moyo. Akasema, "Haya ntamuuliza Mwalimu Raya kesho."

"Yote?"

"Yote. Ntakwenda mapema."

"Na wakikwita Redio?"

Akabetua midomo. "Waniite."

Keshalala sasa, sare yake iko juu ya kiti, bado haijakauka vizuri mgongoni. Anakwenda. Hilo ndilo nililoliomba na Mungu kanipa, nashukuru. Lakini nimeuangalia tena ule ukurasa, na nimemkumbuka mwalimu wa watu pale kibarazani, kachoka hata kengele ya mwanzo haijalia, na darasa zima linamngoja. Kabla mtihani haujaanza, atapata kumjibu mwanangu maneno mangapi?