Wimbo Tuliousikia Mara Moja

Jumatatu, Agosti 2007. Kitale.

Mvua imeanza saa saba mchana na bado haijachoka. Dukani hapakuwa na mtu, maana nani atakuja kununua dawa ya mahindi katika mafuriko haya? Nimefunga mapema nikakimbilia hapa cyber. Sweta imelowa, hedifoni ziko masikioni, na sisikilizi kitu.

Niliwaahidi ninyi wasomaji wa blogu hii kuandika juu ya nyimbo za rock ninazozipenda na zile zinazonikera. Nilikuwa nimejipanga kuandika kwa maringo sana. Leo maringo sina, ila ahadi ni deni, basi tuanzie hapo.

Unaonikera kuliko zote ni ule wa polepole unaopigwa kwenye kila arusi kuanzia Bokoli hadi Tongaren, keki ikikatwa. Jamaa analia na piano yake kwamba ameachwa, na bibi arusi anatabasamu. Hakuna anayejiuliza wimbo unasema nini. Pia siwapendi waimbaji wanaopiga kelele tangu mstari wa kwanza kama wauza mitumba siku ya soko. Ukianza juu hivyo, utapanda kwenda wapi?

Halafu kuna zile nyimbo zisizoisha. Sauti inapunguzwa tu, inapunguzwa, hadi unabaki unasikiliza hewa. Baba husema wimbo wa namna hiyo ni mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Ninaoupenda mimi ni ule ambao gitaa linaanza peke yake, bila haraka, na ngoma zinachelewa kuingia hadi unadhani zimesahau. Mama mwenye duka, ambaye ni mcha Mungu kweli, anaamini rock ni mambo ya kuabudu shetani. Siku moja aliniuliza kwa upole kama nimewahi kunyweshwa damu. Nikamwambia mimi hata mutura, ule utumbo unaojazwa nyama na damu, siwezi kula.

Laiti angejua nani alinifundisha kuupenda muziki huu.

Baba alikuwa akiendesha posho mill pale Naitiri. Injini ya dizeli, mkanda mrefu, unga hewani hadi kwenye kope. Redio yake ilining'inia kwenye msumari juu ya mlango, na alikuwa amegundua jambo moja: rumba inamezwa na injini, kwaya inamezwa, hata taarifa ya habari inamezwa. Rock peke yake ndiyo ilikuwa na nguvu za kushindana na ile mashine. Ndivyo mzee wa kanisa wa Naitiri alivyogeuka shabiki wa magitaa. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi walilalamika kila wiki.

"Baba Nafula, si utuwekee hata kwaya, bana?"

Yeye alicheka tu, unga ukimdondoka kwenye nyusi, kisha akanigeukia. "Mama, ongeza sauti." Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nami nilipanda juu ya gunia nikaongeza.

Wenye vinu wengine waliziba masikio kwa pamba. Baba alikataa katakata. Alisema pamba itamnyima gitaa.

Jumamosi moja, nikiwa darasa la sita, foleni iliisha mapema akazima injini. Katika ule ukimya gitaa likaanza redioni, peke yake. Tulisimama tu, yeye na ufagio wake, mimi na mtungi wa maji. Maneno hatukuyashika. Tulishika gitaa, namna lilivyopanda ngazi moja, likangoja, likapanda nyingine. Na lilipokuwa karibu kufika huko juu, betri zikafa. Tulikuwa tumezianika juu ya mabati wiki nzima ili zifufuke, na zikachagua dakika ile.

Mtangazaji alikuwa akitaja majina ya nyimbo mwishoni. Kwa hiyo hatukupata mwisho wala jina.

Baba hakukubali. Miaka iliyofuata aliuimba ule wimbo kwa mdomo mbele ya kila muuza kaseti aliyekutana naye, gitaa, ngoma na vyote. Mmoja pale sokoni Bungoma alimsikiliza kwa makini sana, akasema anaujua, akamuuzia kanda ya nyimbo za mazishi. Mama yangu mzazi, ninayemwita Mayi, aliipenda kanda hiyo hadi ikakatika.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kiti hikihiki, na jamaa wa kompyuta ya jirani akafungua wimbo kwa sauti. Gitaa, peke yake. Nikamgeukia.

"Niaje, hiyo ngoma umeitoa wapi?"

"Hii? Ya kitambo sana, madam. Kwani unaijua?"

"Naitafuta tangu primary."

Alicheka, akanichomea CD. Jina la wimbo sitaliandika hapa, mnisamehe. Nilivaa hedifoni nikasikiliza hadi pale betri zilipokufa, na hapo nikazivua. Mwisho nilitaka tuusikie pamoja, mimi na Baba. Nimebeba hamu hiyo mwezi mzima.

Sasa niseme ukweli. Baba siku hizi ni mzito wa kusikia. Simu ikilia anampa Mayi. Ukimsalimu kwa nyuma hajibu. Injini ilimharibu, na redio yetu ikaisaidia. Lakini nikimuuliza habari za muziki ananijibu bila wasiwasi, "Muziki nasikia, Mama. Ni watu ndio siku hizi wananong'ona." Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jana baada ya kanisa nikafika Naitiri. Mayi alikuwa nje kwenye jiko, akaniona na CD.

"Umereta hiyo kerere tena?"

Niliitia CD kwenye redio, nikavuta kiti cha Baba hadi karibu na spika. Akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani.

"Ni ule?" akauliza.

"Sikiliza kwanza," nikamwambia sikioni.

Akafumba macho. Gitaa likaanza, na akatabasamu, vidole vikicheza gotini. Ngoma zikaingia, akatikisa kichwa. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Tulikuwa tunakaribia. Gitaa lilipanda ngazi moja, likangoja.

Stima ikapotea.

Taa nyekundu ya redio ilizimika na nyumba ikawa kimya hadi nikasikia kuku wakichakura nje. Mayi akaita kutoka jikoni, "Stima imeenda!"

Baba aliendelea kutikisa kichwa.

Kwanza nilidhani ananitania, maana utani anaupenda. Kisha nikatazama vidole vyake. Vilikuwa vinapanda gotini, ngazi moja, vikangoja, vikapanda nyingine. Vilipita pale betri zilipokufa, vikaendelea kwenda mahali ambapo mimi sijawahi kufika. Nilitaka kumshika bega nimwambie, Baba, hakuna kitu, kumezimwa. Sikuweza. Nililia, na sikuwa na haja ya kulia polepole.

Baadaye vidole vilipunguza mwendo, vikatulia. Akafumbua macho.

"Ni wenyewe," akasema kwa ile sauti kubwa ya watu wa kinu. "Umesikia ulivyoisha, Mama? Umeisha vizuri. Umeaga."

Nilifuta uso nikamsogelea sikioni. "Nimesikia, Baba."

Mayi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Akaitazama redio, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Tangu jana najiuliza. Je, hata lile gitaa la mwanzo alilisikia? Zile kanda zote za rock nilizompelekea miaka hii, alizipenda, au alinipenda mimi tu akatikisa kichwa? Nimeomba ruhusa Alhamisi nimlete hospitali hapa Kitale wampime masikio. Sitegemei miujiza. Ila ninamtamani Baba wa kinuni, yule wa unga kwenye nyusi. Natamani mtu aniambie niongeze sauti, na mimi nipande juu ya gunia.

CD iko ndani ya kompyuta hii. Nimeupeleka wimbo hadi pale pale na kuusimamisha. Nikibonyeza nitajua ulivyoisha. Lakini nikijua, miisho itakuwa miwili, na wa Baba ndio utaonekana wa uongo.

Nimeitoa. Nimeirudisha kwenye mkoba.

Mvua imepungua kidogo. Kati yetu wawili, ni Baba peke yake anayeujua mwisho wa wimbo ule. Alhamisi, tukiwa kwenye benchi tunangoja daktari, nitamwomba aniimbie.