Neno Ulilolisema Kigongo

Baba, shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba anayeanza maneno bila salamu hana adabu.

Jana tuliondoa matanga, na mpaka sasa nimeduwaa. Mwili uko hapa Mkolani, akili sijui iko wapi.

Unalikumbuka neno "bequeath"? Kile Kiingereza chako cha kizee, ulichotulisha mezani pamoja na sato. Ulisema maana yake ni kumwachia mtu urithi, lakini kwa Waingereza wa kale lilitokana na kusema tu. "Mtu alikuwa anatamka, Kabula, na imekwisha." Nikacheka. Nikakuambia siku hizi bila karatasi na muhuri, maneno ni upepo. Uliguna, ukaendelea kutoa miiba.

Halafu ukaondoka bila kuacha hata kipande cha karatasi! Nilikukasirikia, Baba, hata pale kaburini. Mimi na mama tukaanza kufungasha vyombo kimyakimya, maana kila mtu alijua baba mdogo Masanja ataitaka nyumba. Tangu ule ugomvi wa ng'ombe wa babu, hata salamu zenu zilikuwa za kulazimishana.

Basi jana wazee wa ukoo wakauliza kama marehemu aliacha neno. Baba mdogo akasimama.

"Kaka aliniambia pale Kigongo, tukisubiri kivuko. Nyumba ni ya Kabula na mama yake. Tulikuwa wawili tu. Nimemaliza."

Akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Wawili tu, Baba! Angenyamaza, nani angejua? Mama alilia mpaka akashikwa. Mimi hata chozi halikunitoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi sikwenda kulima, nilikaa kungoja vita.

Siku hizi Kigongo tunapita darajani, hakuna tena kusubiri. Nikipita nitatazama pale mlipokuwa mmesimama.

Sufuria zimerudi jikoni. Na hili nakuahidi: chumba cha mbele ni cha baba mdogo kila anapokuja mjini, awe mgonjwa au mzima, mpaka mwisho wake. Yeye sikumwandikia. Nilimwambia kwa mdomo, mama akisikia.

Pumzika, Baba. Marahaba yangu nitakuja kuidai.

Mwanao,
Kabula