Darf ich, Bibi Kheiria?

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimeumbuka leo! Naosha vyombo huku nakariri Kijerumani, nikidhani Bibi Kheiria kalala. Mara sauti nyuma yangu: “Dürfen haitamkwi hivyo. Bana midomo, mwanangu.” Kumbe alisomea unesi Ujerumani ya Mashariki, miaka ya sitini! Miaka miwili namwogesha na kumpikia hapa Ghubra, Uarabuni, sikujua. Hakuniuliza najifunza ili niende wapi. Nami sikusema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Somo la pili, baada ya dawa zake. Dürfen ni kuwa na ruhusa. Darf ich — naruhusiwa? Ukikanusha, basi ni marufuku. Muuza mkate wa huko alikuwa akimwuliza, was darf es sein — nikupe nini? Na kijana mmoja kwenye dansi: darf ich bitten? Nikauliza kama alicheza naye. Kaniambia nikatazame wali usiungue. Nimecheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ana kamusi kuukuu, jalada limeshikizwa kwa plasta ya hospitali. Tumesoma asili ya neno. Zamani sana lilimaanisha kuhitaji, kupungukiwa. Ruhusa ilikuja baadaye. Bibi akaifunga. “Nna miaka sabini na nane,” kasema, “nakuhitaji hata kuvaa soksi.” Kisha akaomba chai.

Mkataba wangu unaisha Disemba. Nikifaulu mtihani, Januari nakwenda Ujerumani — kulea wazee wa watu wengine. Bado sijamwomba ruhusa. Roho inaniuma. Lakini masomo haya nayapenda, siku zinakwenda vizuri.

Jumanne, 14 Oktoba

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Nilimwambia Marwan, mwanawe, kwamba nina mtihani tu, akakubali kunileta. Alitaka mama yake abaki nyumbani. Wapi! Kavaa abaya mpya, kajifukiza udi, kakaa kiti cha mbele.

Njiani akasema tufanye mazoezi, nimwulize lolote kwa darf. Nikajikaza. “Darf ich im Januar nach Deutschland?” Naruhusiwa kwenda Ujerumani Januari? Marwan hajui Kijerumani, ila Deutschland aliielewa, akazima redio.

Bibi akasema ich yangu nzito, nirudie. Nikarudia. Akasahihisha nach. Nikarudia. Mara ya tatu sikukosea, na hakusahihisha kitu.

Sasa wanaita majina. Tuko wawili tu benchini, mimi na Bibi, Marwan kabaki garini. Kanishika mkono, anasema nimwulize tena, safari hii atanijibu.